Mama Asiyekufa Kwenye Ukurasa wa Mwisho

Mpendwa Papa,

Leo nimesahihisha kazi za darasa la tano sekondari, na darasa zima limemuua yule mama wa riwaya. Bila shaka unamkumbuka, maana shule bado zinatumia kitabu kile kile. Anaacha nyumba kwenda kutafuta kazi mbali, na kwenye ukurasa wa mwisho anarudi, anasimama mlangoni, watoto wake hawamtambui. Wanafunzi wangu wote wameandika kwamba anakufa kwa homa. Hata Neema, binti yangu na mjukuu wako, ambaye mwaka huu yuko darasani kwangu.

Kosa limetoka kwenye rezime, ule muhtasari ambao wakubwa huwaachia wadogo kila mwaka, nao wanaunakili bila kufungua kitabu. Huko njiani mtu alichoka kunakili, akamzika mama wa watu ili amalize. Nilipowaambia kwamba yuko hai, walinionea huruma. "Madame, anakufaka," kijana mmoja akasema. "Hata grand frère yangu, yule kaka mukubwa, alijibu hivyo, na alipata pointi zake." Nilikuwa na kitabu mkononi, Papa, na bado nilishindwa.

Wanasema ni kitabu cha wazee, kigumu, cha pointi tu. Wameshaamua hivyo kabla ya kukigusa, kwa hiyo hawakigusi.

Mimi pia niliwahi kusema hivyo. Ilikuwa Jumapili, nyumbani Miti, tumetoka misa, nawe unapaka viatu vyako rangi kwa ajili ya Jumatatu. Nilikuambia kitabu kinanichosha na yule mama ananikera. Nikangoja unigombeze, mwalimu mzima. Ukasema tu, "Umuchukie, iko sawa. Lakini usome kwanza, ndio umuchukie muzuri."

Nikasoma kwa hasira, kwa sauti, ili usikie mwenyewe alivyo mbaya. Ukamtetea, kiatu kimoja mkononi. Tulibishana hadi bugali ikapoa na maman akanuna. Tangu siku ile sijawahi kukaa bila kitabu.

Sasa mwalimu ni mimi, na sioni pa kutokea. Nikiwapa wote sifuri, prefe, mkuu wetu wa shule, atauliza nimefundisha nini. Tayari ameniambia kwa upole wake, "Madame, batoto wapite, programu iendelee." Nikiwapa pointi, nimesaini kwamba yule mama amekufa. Kubadilisha kitabu siruhusiwi, na saa za kukisoma pamoja nao hakuna. Ningekuja kaburini kwako nikulalamikie, lakini barabara ya Miti siku hizi haina usalama, si ya kuendea malalamiko.

Kinachoniuma zaidi ni Neema. Alikuwa anasoma hata karatasi zilizofungia beignets, maandazi yetu ya mtaani. Tangu tuanze riwaya hii, hagusi kitabu chochote. "Maman, kusoma iko kazi ya masomo," ananiambia. "Nikimaliza masomo, nitamaliza na kusoma." Na anayempa kazi hiyo ni mimi. Namwacha darasani hapa mtaani Nyalukemba, namkuta mezani nyumbani na uso ule ule, na naogopa kwamba ninampoteza kwa mikono yangu.

Jioni hii nilichukua viatu vyake, nikaanza kuvipaka rangi. Nikamwomba anisomee mwisho tu, anionyeshe hiyo homa iko wapi. Alisoma mbio mbio, kunikomoa. Alipofika pale mama anaposimama mlangoni, aliweka kidole kwenye mstari. Akarudi nyuma kurasa kadhaa, akaitafuta homa, hakuiona.

"Sasa kwa nini anarudi? Haoni haya?"

Nikamtetea. Akanijibu kwa ukali, akafungua mwanzo wa kitabu kutafuta makosa ya yule mama. Kisha akainua macho.

"Na hii, utanipa pointi?"

"Hapana."

Alinitazama kidogo, akageuza ukurasa.

Usidhani nimepona, Papa. Kesho darasa lile lile linaningoja, prefe anangoja pointi zake, na sijui nitaandika nini. Siwezi kupaka rangi viatu vya darasa zima.

Pumzika huko Miti. Nakuacha hapa, maana Neema amepata kosa lingine na ananiita nije nijibu, na bugali yetu imeshapoa.

Binti yako, mwalimu kama wewe