Maua ya Kivulini kwa Nyuki wa Baba

Lutindi,
Korogwe.
8 Juni 2025

Mpendwa shangazi Yusta,

Shikamoo. Natumaini hapo Mpanda mnaendelea vizuri, na mguu wako umeanza kukanyaga bila maumivu. Sisi tu wazima. Baridi ya huku juu imeshaanza, mama anashinda na sweta.

Uliniuliza kwenye simu ni maua gani yanavuta nyuki kivulini, kwa kuwa ua wako umefunikwa na miparachichi. Sikukujibu sawasawa kwa sababu mama alikuwa pembeni. Sasa yuko kanisani, nakueleza yote.

Panda iliki. Haitaki jua kali, na maua yake hutokea chini kabisa, karibu na udongo. Pembeni, pale jua linapopenya kidogo, weka kivumbasi na rehani. Alizeti achana nayo, kivulini inarefuka tu. Haya nilielekezwa na mama Hajira, yule muuza asali wa Segera, baada ya nyuki wa baba kuhama.

Maana walihama wote, shangazi. Unajua kaka yako alianguka chini ya miti nyuma ya nyumba akikagua mizinga yake. Tuliporudi kutoka kumzika, mizinga ilikuwa mitupu. Mama akaacha kula vizuri. Kila alasiri alikaa mlango wa nyuma, akisema anawasikia.

Kaka Filemoni akataka kukata miti ile ili mama apasahau. Mama akamwambia, "Ukitaka kuikata, anza na mimi." Ndipo nikaomba tujaribu maua kwanza.

Iliki imechanua mwaka huu, baada ya masika. Nyuki wakaja, ila hawakwenda kwenye mizinga. Alasiri moja nilitoka kuanua nguo nikawakuta wametua ardhini, pale pale baba alipoangukia. Walikuwa wametandaa urefu wa mtu aliyelala ubavu, kichwa kikielekea nyumbani, magoti yamekunjwa. Ndivyo tulivyomkuta baba. Na hawakuvuma hata kidogo. Nikapiga kelele.

Filemoni akaja mbio na kijinga cha moto. Mama akampita, miguu mitupu, akaenda kukaa chini kando yao. Akaweka mkono pale palipokuwa kama bega.

"Matayo," alisema, "inuka, kunapoa."

Shangazi, waliinuka. Wote kwa pamoja, taratibu, wakaingia kwenye mzinga wa mwisho. Mama hakuumwa hata na mmoja. Jioni ile alimaliza ugali wake akaomba aongezewe.

Tangu hapo Filemoni hazungumzii tena kukata miti. Mimi nami sipiti pale bila kubisha hodi. Juzi nilisahau, nimebeba ndoo ya maji. Mvumo wote ukakatika ghafla, bustani ikanyamaza kama inanisikiliza. Nikasema, "Hodi, baba." Ndipo ukaanza tena.

Miche ya iliki nitakutumia kwa basi. Fikiria vizuri mahali pa kuipanda.

Nisalimie baba Kudra, na Kudra mwenyewe. Mama na Filemoni wanakusalimu sana. Mungu akulinde uingiapo na utokapo.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye siku zote,

Fausta