Mumunye Nisiloonja

Jumatatu, 21 Mei 2018
Basi la kwanza kutoka Saltley. Nimefunga saumu, macho mazito. Ba alikuwa ameshaketi kitandani ananingoja. Ba ni bibi kwa Kigujarati. Kila mtu humwita hivyo. Yeye mzaliwa wa Kisumu, mimi nimekulia Eastleigh, basi hapa Balsall Heath, ughaibuni, tunaongea Kiswahili kama majirani wa zamani. Kazi yangu kumwosha, kumlisha, kumpa vidonge. Na juisi ya mumunye kabla ya kitu kingine chochote. Yeye huliita dudhi.

Anafuata Ayurveda, tiba ya wazee wake. Mumunye hupoza moto wa mwili, asema, na ni jepesi kwa tumbo la mzee. Asubuhi juisi yenye tangawizi na bizari nyembamba. Mchana linapikwa na dengu. Maganda hayatupwi, hukaangwa kwa ufuta. Akiwa na furaha huniambia nilikune, tukalipika kwa maziwa, sukari na iliki mpaka liwe halua. Sharti ni moja: onja kipande kwanza, kila mumunye. Likiwa chungu ni sumu, tupa. Ameniambia mara mia.

Jumatano, 23 Mei
Sikuonja.

Mumunye jipya, la duka la Alum Rock Road. Basi lilichelewa, nikawa na haraka. Nikamenya, nikasaga, nikachuja. Ba akanywa, akakunja uso, akamaliza. Nilimwona akikunja uso. Nikageuka kufuta meza.

Haikupita nusu saa. Kutapika. Kuhara. Kisha damu. Mtu wa ambulensi akauliza amekula nini. Nikasema chai na mkate.

Niliogopa kufukuzwa kazi. Hakuna sababu nyingine, nisijidanganye.

Alhamisi, 24 Mei
Nimeenda kusafisha nyumba ya Ba. Kulikuwa na juisi kidogo chini ya jagi. Nikaigusa kwa ncha ya ulimi. Uchungu wa kukaba koo. Nikatema. Saumu haikuharibika, kuonja na kutema kunaruhusiwa, nalijua hilo tangu madrasa. Kwa hiyo hata saumu siwezi kuisingizia. Ulikuwa uvivu.

Nila, binti yake, amepiga simu analia. Madaktari hawajui ni nini. Kesho watamshusha kamera kooni, na mapigo yake ni dhaifu. Nikamwambia pole. Pole tu.

Nimefuturu kwa tende moja. Uji umenishinda.

Ijumaa, 25 Mei
Nimesema. Kwenye korido ya wodi, kabla hawajamchukua Ba. Nila akanisogelea.
“Jana ulinisikia nikilia.”
“Ndiyo.”
“Na ukanyamaza.”

Akanishika mkono kama anayeshika mwizi, akanipeleka kwa daktari. Nikaeleza yote: mumunye, juisi, uchungu, uongo wangu. Daktari akaandika. Alisema bora ningesema Jumatano. Kamera wakaiahirisha, wakaongeza dripu. Nila akaniambia nisikanyage tena kwa mama yake.

Jumapili, 27 Mei
Ofisi iliyoniajiri imenisimamisha kazi. Haki yao. Nimeswali, nimelala, nimeamka. Bado ni mimi.

Jumatano, 6 Juni
Nila amepiga. Sauti kavu. Mama yake yuko nyumbani, chakula hakili vizuri, kila siku ananiulizia. Nije kesho, nusu saa, yeye atakuwepo.

Sitaki kwenda. Nitaenda.

Alhamisi, 7 Juni
Ba amekuwa mdogo kwenye kiti chake. Nilipiga magoti nikaanza kuomba radhi. Akainua mkono.

“Niliusikia uchungu,” akasema. “Nikadhani ni vidonge. Siku hizi hata chai ni chungu mdomoni mwangu.” Akapumzika. “Halafu nikakuona, mwanangu. Umefunga, umechoka. Nikasema nisikurudishe jikoni.”

Afadhali angenitukana.

Nila alikuwa amesimama mlangoni. Kiswahili anakielewa, ila hakisemi. Akatoka, akarudi na kitana, akanipa. Ba alitaka nywele zake zisukwe. Nikazichana polepole, nyeupe, nyepesi, nikasuka msuko mmoja. Alisinzia kabla sijafika mwisho. Nusu saa ikapita. Hakuna aliyeniambia niende. Nikaufunga msuko, nikakaa pale sakafuni kando ya miguu yake.