Mayai Manne Mlangoni

Kibanda cha Bwawa la Pili,
Chukotka.
30 Juni

Mpendwa dada Vykvyna,

Habari za huko mjini? Goti limepoa, au bado unapanda ngazi kwa kulalamika? Shemeji Ivan na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila sijatoka nje siku ya tisa leo. Nimefungiwa, na aliyenifungia ni ndege.

Ni kitwitwi yule mwenye mdomo wa kijiko, ndege adimu ninayemtetea kila siku. Nilipokwenda kijijini kumzika mzee Yatgyn, alitaga mayai manne hatua mbili tu kutoka mlangoni. Niliporudi niliingia bila kumwona. Sasa nikigusa mlango anaruka, na shakwe mwizi amekaa juu ya pipa akisubiri hilo tu.

Unakumbuka nilivyowaponda gazetini watazamaji wa ndege wanaowaonyesha shakwe viota? Basi mwanzoni mwa mwezi nilikwenda mwenyewe kuhesabu mayai ya kiota chake cha kwanza. Nilipogeuza mgongo shakwe aliyamaliza. Hilo sikuliandika gazetini. Nakuandikia wewe.

Jumamosi kijiji kilikutana kuamua kama bwawa hili lichimbwe kokoto za barabara. Miaka mitatu nimegombana na kila mtu ili lisichimbwe, na siku yenyewe ndiyo hiyo! Binamu Tegryn alikuja na mashua kunichukua, tukajaribu dirisha la nyuma. Kichwa kilipita, mabega yakapita kwa matusi, tumbo likagoma.

"Kaka," alinong'ona huku machozi ya kicheko yakimtoka, "wakubwa wote wa wilaya wameshindwa kukufunga mdomo. Leo umewekwa ndani na kitu chenye uzito wa kiberiti?"

"Vuta, mjinga wewe!"

"Nivute nini? Sili mzima wa baharini, na mafuta yake yote, amebaki humo ndani!"

Nilimpa hotuba yangu, kurasa kumi na mbili. Jana alirudi na samaki wakavu. Hakuisoma! Alisimama akasema tu, "Etuvgi yuko kule. Hatoki, kuna mayai mlangoni." Watu walicheka, kisha mmoja mmoja akauliza vifaranga wanatoka lini. Wakakata shauri kwamba mashine ya kuchimba isifike bwawani mpaka vifaranga waondoke, ndipo tukutane tena, nami niwepo.

Kurasa kumi na mbili, dada. Nilikasirika hadi nikawasahau samaki.

Lakini ona nilivyobanwa. Mayai haya yakiliwa, mashine inakuja kesho yake. Ndoo inanuka, chai ni ya baridi maana siwashi jiko, mbu wanaingia wapendavyo, na jua halitui nipate hata kujua siku imekwisha. Dume hulalia mchana, jike usiku, wanapokezana bila ubishi. Nawachungulia kwenye ufa wa mlango na kuandika saa. Zimebaki siku kumi hivi.

Miaka yote umeniomba ninyamaze japo jioni moja mezani pako. Haya, nimenyamaza. Hata kukohoa nakohoa ndani ya mto.

Msalimie mama mdogo Omryna, na Ivan, na yule binti yako mbishi aliyenirithi. Nyama isikose sufuriani mwenu, na barafu ya vuli iwakute wazima.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kwa kunong'ona,

Etuvgi