Kitambaa Kilifunika Nini?

Shangazi mpendwa, naomba unishike mkono, mwenzio nimekwama na Ijumaa inakuja. Mume wangu ni mtafiti wa mimea, nami pia, makala zetu tunaandika pamoja, na Kiingereza chake ni cha mtu aliye nusu usingizini, sentensi inaanza kitaluni asubuhi ukungu bado umeshika vioo, inazunguka kwenye majani, inarudi, nami nikisoma chai inapoa sijaigusa, kwa kweli sentensi hizo ndizo zilizonifanya nimpende, lakini jarida limetukataa mara mbili, wanasema hawajui lipi linahusu lipi. Basi mara ya tatu nikazikata mwenyewe. Kuna mahali alitaja miche, akataja vyungu, halafu kufunikwa kwa kitambaa cheupe, na Kiingereza chake hakisemi kilichofunikwa ni kipi. Mimi nikaiona miche imejitanda kitambaa, imesinzia kama maharusi, nikaandika miche. Makala imekubaliwa! Mume wangu ananiita fundi wake, anapita nyumbani akiimba. Juzi ndipo nikakumbuka kwamba siku ya kufunika mimi sikuwepo. Nikimuuliza atajua nilikisia, nisipouliza watu watafuata nilichoandika na pengine miche yao itakufa. Ijumaa tunarudisha nakala ya mwisho. Naona aibu, Shangazi, nifanyeje?

Mke wa Bwana Ukungu

Mke wa Bwana Ukungu, pole, na ukome! Ukungu wa mumeo ulikuwa na nafuu, msomaji aliuona akasimama. Wewe umeufuta ukamwonyesha njia usiyoijua. Hao maharusi wako ni wazuri, hata mimi nimewaona, lakini ni ndoto yako, si utafiti wenu.

Usimfundishe sarufi. Mwambie akusimulie siku ile kwa Kiswahili. Akisema "iliyofunikwa" ni miche, akisema "vilivyofunikwa" ni vyungu, lugha yetu haikuachi njia panda hapo. Kisha sentensi ya Kiingereza ikate ziwe mbili, na ile ya pili ianze kwa kukitaja kilichofunikwa kwa jina lake, hata kama jina linajirudia. Kurudia si ushamba. Zile sentensi zake ndefu usizitupe, akusomee jioni, huko zizunguke zinavyotaka.

Na mwambie ulikisia. Atanuna kidogo, atacheka, aibu itaisha. Miche ya watu ikishakauka haina wa kuicheka.

Haya, weka gazeti chini. Huyo anayeimba yuko chumba cha pili. Nenda kamuulize alifunika nini.