Kontena Zote kwa Amri Moja

Jumanne, baada ya Isha

Ningeandika jina la kontena moja tu; kwenye seva, kompyuta ninayoendeshea programu za watu, kila programu ina kontena yake. Jina moja! Programu ya mteja wangu mmoja mwenye duka ndiyo iliyoganda, lakini saa tatu asubuhi, kwa uvivu, nikaiamuru seva isimamishe kontena zote zilizokuwa zikifanya kazi, kisha nikaenda kunywa chai na kujisahau.

Mojawapo ni ile niliyoutengenezea msikiti wetu, inayotuma matangazo ya misiba kwenye simu za watu.

Bi Zuhura amefariki leo asubuhi. Katibu wa msikiti aliandika tangazo saa nne: maziko baada ya Adhuhuri. Likakwama. Majirani walijua wenyewe, lakini hakuna aliyempigia Hamisi, mpwa wake aliyemlea kama mwanawe, anayeishi Msata. Siku hizi hapigiwi mtu. Kila mmoja anajua meseji imekwenda. Mimi ndiye niliyewazoesha.

Nimeziwasha saa tisa. Tangazo likaenda vizuri tu, kwa wote.

Hamisi amefika Alasiri, kaburi limeshafukiwa. Hakutia hata konzi moja ya udongo. Kutoka Msata ni mwendo wa saa moja. Angewahi.

"Mtandao huu, kaka," akaniambia.

Nikasema, "Ndiyo, mtandao."

Nilitaka kumweleza. 

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, bado ina vumbi la safari. "Ahsante sana. Bila meseji yako nisingejua kabisa."

Nikamjibu, "Hamna shida, kaka."