Siku Tuliyobariki Distribyuta

Nyakanazi,
Biharamulo.
Jumamosi, 2 Agosti 2025.

Mpendwa kaka Renatus,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Mama Telesfori, na kwamba baridi ya Arusha haijarudi tena kwenye lile goti lako. Nasikia siku hizi unakula ukiwa na koti. Sisi huku vumbi la malori ndilo koti letu. Esperansia hajambo. Mama yuko Kasulo, mzima kabisa, anapalilia migomba yake mwenyewe na kumfokea kila anayetaka kumsaidia. Priscila wetu amerudi nyumbani kujifungulia kwetu, kwa kuwa ni uzazi wake wa kwanza. Wanamhesabia kati ya tarehe kumi na nane na ishirini na tano mwezi huu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga Jumanne mara mbili, ukapokea, nikakuuliza habari za mvua. Kaka, haikuwa mvua. Kuna jambo ninalishindwa kulisema huku mke wangu akisikia, na kwenye karatasi angalau siisikii sauti yako ukicheka. Basi nakutumia barua hii kwa basi, pamoja na kifurushi. Ndani ya kifurushi kuna vitu viwili: kofia ya distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi za Landrova la baba, na ufunguo wake.

Usishtuke. Gari halijagonga mtu. Ila kaa chini kwanza.

Utaratibu wa marehemu baba unaujua. Ufunguo haulali ndani. Unakaa kwenye msumari nje, pembeni ya mlango, ili mwanamke akishikwa na uchungu, anayekuja kuomba gari asianze kubisha hodi na kujieleza. Gari nalo linalala limeelekea bondeni, jiwe mbele ya gurudumu, liwake kwa kuteremka hata betri ikiwa imekufa. Tulipohamia huku nilichagua kiwanja kwa sababu ya mteremko tu. Esperansia mpaka leo anasema nililijengea gari, yeye nikampangisha.

Sasa nikupe taarifa ya injini, na unisahihishe, maana mimi ni mwalimu wa Jiografia na fundi ni wewe. Silinda zote nne zinafanya kazi. Oili nilibadilisha mwezi wa tano, na ile ya kwenye bakuli la kichujio cha hewa naimwaga kila mwezi, kwa sababu vumbi la hapa njia panda linaigeuza uji. Kile kikombe cha kioo chini ya pampu ya petroli nakifungua kila Jumamosi kumwaga maji na takataka. Plagi zina rangi ya biskuti, kama ulivyonifundisha. Nafasi kati ya ncha za platini bado naipimia kile kipande cha kadi ya harusi yako alichokiacha baba. Kimechakaa, lakini jina la shemeji bado linasomeka, lako limefutika. Rejeta haivuji. Kwa kifupi, mpaka Jumapili ya tarehe ishirini na saba lilikuwa gari zima la mwaka sabini na nne.

Jumapili hiyo ndiyo padri aliyobariki vyombo vya moto. Unajua inavyokuwa: pikipiki, Probox, malori mawili, na sisi. Jumamosi iliyotangulia niliosha gari. Nikaona si heshima kupeleka injini chafu mbele ya altare, nikafungua boneti nikamwagia ndoo mbili za maji ya sabuni. Usiseme kitu, kaka, bado hujafika pabaya.

Siku yenyewe wenzangu walibarikiwa mabati yao. Mimi nikawaza: gari hili likiugua huugulia ndani, baraka ya kwenye bati itasaidia nini? Nikafungua boneti. Kisha nikabana vile vishikizo viwili nikaivua kofia ya distribyuta, nikaishika mkononi kama kikombe, ili maji yafike mpaka kwenye platini. Padri hakujua anachokitazama. Aliponiona nimesimama pale na vitu vimefunguliwa, alidhani ndivyo inavyotakiwa, akanyunyiza kwa ukarimu. Nikairudisha kofia ikiwa na maji ndani yake, nikapiga ishara ya msalaba.

Jumatatu saa mbili asubuhi Rozina akashikwa na uchungu. Rozina ni mke wa Methusela, wale jirani zetu wafugaji waliotoka Shinyanga. Methusela alikuwa mbali na ng'ombe. Aliyekuja msumarini ni mama yake Methusela, Ng'washi, mwanamke ambaye hata kanisani kwetu hajawahi kuchungulia. Muuguzi wa zahanati alishampima Rozina: mtoto amekaa vibaya, twende Biharamulo hospitali, tena upesi. Gari la wagonjwa lilikuwa limetoka na mtu mwingine.

Tukaondoa jiwe, likateremka, likawaka. Likakohoa kidogo. Nikajiambia ni baridi ya asubuhi.

Pale Nyakanazi stendi kuna dereva wa Probox, anaitwa Audax. Alitusikia tunavyokohoa akaja dirishani, akamwona Rozina nyuma anauma khanga. Akaniambia, "Mwalimu, mhamishieni kwangu. Natoka sasa hivi."

Nami nikamjibu, "Hili limebarikiwa jana."

Kaka, hayo ndiyo maneno yasiyoniacha nilale. Siyo maji. Mtu alinipa gari zima, nikamkatalia kwa majivuno, na mama na mtoto wako nyuma yangu.

Likatufia katikati ya msitu, kwenye kilima. Unaukumbuka ule msitu, ambao zamani mabasi hayakuthubutu kuupita bila askari. Siku hizi kumetulia, lakini mwili wangu haujaambiwa. Injini ilikata mara moja, likasimama, kukawa kimya. Nilikanyaga breki, nikavuta na breki ya mkono. Stata ikalia mara mbili, betri ikaisha. Simu haina mtandao. Nyuma Rozina alikuwa ameacha kulia, na ule ukimya wake ulinitisha kuliko kilio.

Nikashuka, nikaweka mawe chini ya magurudumu, nikafungua boneti. Nikashika hiki, nikashika kile. Petroli ipo. Nyaya zipo. Ng'washi akashuka, akasimama kando yangu, akaitazama injini kama anatazama ng'ombe aliyelala njiani.

"Mwalimu, juzi lilikuwa zima?"

"Lilikuwa zima, mama."

"Jana mlilifanya nini?"

"Tulilibariki."

"Mlilibarikia wapi?"

Nikainama kukaza waya wa plagi. Akarudia, kwa sauti ile wauguzi wanayowaulizia wagonjwa wanaoficha walichokula. "Nimekuuliza wapi. Onyesha kwa kidole."

Nikaonyesha kwa kidole.

"Fungua."

Nikaifungua kofia. Ndani kulikuwa na matone, kaka, yameganda ukutani kama jasho, na kati ya shaba mbili kumechorwa mstari mweusi mwembamba kama unywele. Moto wa koili ulikuwa unapita kwenye mstari ule badala ya kwenda kwenye plagi. Ng'washi akatazama, akanitazama.

"Hata sisi tusiosali tunajua moto haumwagiwi maji," akasema.

Akapanda nyuma, akarudi na kitenge kipya kabisa, kile walichomwandalia mtoto. Nikamwambia, mama, hicho ni cha mtoto. Akasema, "Futa. Mtoto mwenyewe hajafika." Nikafuta ndani ya kofia, rota inayozunguka chini yake, platini, kila pembe. Ule mstari mweusi nikaukwangua kwa ncha ya kisu chake mpaka ukapotea. Kisha nikachukua hendeli ya kuzungushia injini.

Unakumbuka kidole gumba cha baba kilivyopinda, siku hendeli ilipomrudi. Nilijisemea kwa sauti, kidole gumba kando, kidole gumba kando, kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili ikapiga chafya ikanirudishia hendeli, nikaponea chupuchupu. Kutoka ndani ya gari nikasikia Rozina, kwa sauti ndogo: "Baba Mwalimu, usituache hapa." Mara ya tatu ikawaka.

Niliendesha mpaka Biharamulo bila kupumua, nadhani. Kila ikikohoa, Ng'washi alikuwa ananigonga begani, kana kwamba injini ni mimi. Rozina alipokelewa akapelekwa chumba cha upasuaji moja kwa moja. Mimi nilikaa kwenye benchi, mikono imejaa grisi, nikihesabu Audax angekuwa amefika saa ngapi. Ni msichana. Yeye na mama yake wapo hai. Daktari alituuliza tu mbona tumechelewa. Ng'washi akajibu kabla yangu: "Barabara."

Tuliporudi, ufunguo sikuurudisha msumarini, niliutia mfukoni. Wiki nzima watu wanapita, wanautazama msumari, wananisalimia, wanaendelea. Esperansia hajauliza. Priscila ndiye aliyeuliza, jana, huku amejishika kiuno: "Baba, zamu yangu ikifika nitakwenda na nini?" Nikajifanya natafuta miwani. Ilikuwa usoni.

Kaka, naogopa. Nikisikia mlango unagongwa naomba asiwe mtu wa gari. Ndiyo maana nakutumia ufunguo. Hii kazi baba aliiacha kwa watu wawili, mmoja anajua injini na mwingine anajua mito na milima, na aliyebaki na gari ni wa mito na milima. Kaa na ufunguo.

Jumapili, 3 Agosti.

Nilikuwa sijaifunga barua. Leo baada ya misa Ng'washi amekuja na mjukuu wake, amembeba kwa kitenge kilekile. Kimefuliwa, lakini doa jeusi la distribyuta bado lipo, hapo hapo kwenye mgongo wa mtoto. Nikaanza kumwomba radhi, nikamweleza habari ya Audax na nilivyomkatalia. Akasema alisikia, alikuwa ndani ya gari.

Kisha akaunyooshea msumari kidole. "Na huyu naye amekufa?"

Nikamwambia naogopa, mama. Akasema, "Ogopa. Siku ile ulikuwa huogopi, ukatuua nusu." Akamweka mtoto mikononi mwangu akaenda kunywa uji kwa Esperansia.

Basi nilisema kifurushini kuna vitu viwili. Ni kimoja. Usiutafute ufunguo, na ukikuta kamba imefunguliwa na kufungwa tena, ni mimi. Upo msumarini, ingawa gari bila kofia haliwaki hata ukilishusha kutoka mlima gani. Chini ya msumari nimebandika karatasi yenye namba ya simu ya Audax, kwa herufi kubwa. Nilikwenda kumwomba radhi. Alicheka sana, kisha akaniahidi kwamba siku ya Priscila atatufuata nyuma mpaka Biharamulo.

Nakuomba unitafutie kofia mpya, rota na platini kwenye gereji zenu hizo za magari ya watalii, zifike kabla ya tarehe kumi na tano. Ukiweza kuzileta mwenyewe, hutapungukiwa ndizi wala mtu wa kumcheka. Uje na kipande kingine cha kadi ya harusi.

Msalimie sana shemeji, Telesfori na wadogo zake. Mama anakusalimu na anauliza goti. Esperansia na Priscila wanakusalimu. Mungu akulindie mikono yako, na yangu aikaushe.

Mdogo wako akupendaye na anayeogopa,

Gervasi.