Siku ya Kumaliza Matanga Yako, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinifundisha kusalimia kabla ya kulalamika, na leo nina malalamiko.

Wiki iliyopita tulimaliza matanga yako hapa nyumbani Lizaboni. Wazee wa ukoo walikaa, wakagawa mali na majukumu. Baba mdogo kapewa shamba, Kaka kakabidhiwa nyumba na sisi wadogo zake. Watu wakaanza kuinuka. Hapo ndipo Mzee Kandidus, yule asiyeona, muuza vikapu wa mbele ya soko, aliposimama na fimbo yake. Nyuma yake wauza vikapu wenzake, walemavu kama yeye, wengine wakitambaa. Akauliza, "Na sisi je, tumeachiwa nani?"

Wazee wakatazama chini. Mimi nikakimbilia jikoni kulia, na nililia kwa hasira. Yaani hata kufa, Baba, umekufa kazi zako za Ustawi wa Jamii hazijaisha!

Maana mambo yamebadilika. Siku hizi ni biashara huria, na mbele ya soko panatakiwa na wafanyabiashara wa mitumba. Vikapu vihamie nyuma, kwenye matope, ambako baiskeli zao za miguu mitatu hazipiti. Ulipokuwa hai hawakuthubutu. Wewe, Bwana Ustawi wa Jamii mzima, unakaa sakafuni pamoja nao, unasema, "Anayetaka kuwahamisha aanze na mimi." Hata ulipostaafu uliendelea kwenda. Mama alikuita king'ang'anizi, nawe ukicheka tu huku unamenya karanga. Jamani, kicheko kile.

Juzi wauza vikapu wakaambiwa wahame. Nikaomba ruhusa shuleni ninakofundisha, nikaenda kwa bwana soko. Akanitazama juu mpaka chini. "Mwalimu, kwani wewe ni nani kwao?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya sheria. Yote yakapotea. Nikasema, "Mfiwa mwenzao." Nikaangua kilio pale pale, mbele ya watu wote, mtu mzima mimi.

Bwana soko akasema wabaki mpaka madiwani wakae kikao. Bado hatujashinda, Baba. Lakini siku ya kikao nitakuwa mlangoni, na wakinitoa nitarudi. Naogopa, ila nitarudi.

Basi lala. Usiwawazie tena hao watu. Ni wangu sasa.

Mwanao,
Osmunda